Thiata Nairobi: komedi, michezo ya kuimba na zile tamthilia za wanafunzi, pesa yako iende wapi

Nianze na jibu manake najua wengi hamfiki mwisho: kama una kitu kama elfu moja ya kujiburudisha mwezi huu na hujawahi kukanyaga thiata hata siku moja, usianzie komedi. Angalia kama kuna mchezo wa kuimba unaoendelea, uende huo. Ukikosa, tafuta asubuhi ya katikati ya wiki ukae ukumbini na watoto wa Fomu Tatu muangalie tamthilia ya Kiswahili ya setibuku, yaani kile kitabu cha fasihi wanachotahiniwa shuleni. Komedi iwe ya tatu. Najua mtasema natania, na najua komedi ndo hujaza viti, lakini nimezunguka kumbi za huu mji muda sasa na pesa ni yangu mwenyewe, hakuna aliyenipa tiketi ya bure, basi wacha niseme nilivyoona.

Mimi ni mtu wa Mombasa niliyeolewa huku bara, na aliyenitia huu ugonjwa ni wifi yangu, mtu wa Limuru, ambaye Ijumaa ikifika wenzake wanaulizana nyama choma leo wapi yeye ananipigia simu, "wifi, National kuna nini?" Yeye anapenda kucheka. Mimi napenda kusikia watu wakiongea vizuri. Kwa hivyo haya nawaandikia ndo mabishano yetu ya kwenye matatu tukirudi nyumbani, na yeye ameshasema hatasoma.

Pa kuanzia ni Kenya National Theatre, Harry Thuku Road, inatazamana na hoteli ya Norfolk, Chuo Kikuu cha Nairobi kiko hapo hapo na KBC ni majirani. Ukishukia Odeon au Globe unatembea tu kwa miguu. Ndani ya ule ua wa Kenya Cultural Centre kuna ukumbi mkubwa wenyewe, kuna Ukumbi Mdogo ambao vikundi visivyo na pesa nyingi hukodi, na ukifika mapema kuna Cheche Gallery unaweza kupitisha muda ukiangalia picha. Jengo lilikarabatiwa likafunguliwa upya 2015 na hata ukimpeleka mama mkwe huoni haya. Lilifunguliwa mara ya kwanza 1952, mwaka ule ule mkoloni alitangaza hali ya hatari, kwa hivyo mnaweza kukisia waliokuwa wakiburudika mle ndani ni kina nani na waliokuwa wakifagia ni kina nani.

Na hata uhuru ulipokuja mambo hayakugeuka siku moja. Mwaka 1976 Ngugi wa Thiong'o na Micere Mugo walikuwa na The Trial of Dedan Kimathi, Francis Imbuga naye alikuwa na Betrayal in the City, michezo yote miwili inaandaliwa kwenda kuwakilisha Kenya kwenye FESTAC, lile tamasha kubwa la sanaa za watu weusi kule Lagos, na bado ikapewa siku chache tu za Oktoba, imebanwa katikati ya mchezo wa kuimba wa kizungu na baleti kutoka Ufaransa. Yaani ukumbi wa taifa, mchezo wa taifa, na unaambiwa subiri wageni wamalize. Mimi hii hadithi huikumbuka kila nikiangalia ratiba ya mwezi kuona nani kapewa Jumamosi jioni na nani kasukumiwa Jumanne, manake kwa thiata siku uliyopewa ndo hukumu yako.

Sasa michezo ya kuimba. Mwaka 2022 Nairobi Performing Arts Studio, chini ya Stuart Nash, waliigiza pale National ule mchezo wa Ngugi wa Thiong'o na Ngugi wa Mirii, Ngaahika Ndeenda, siku zingine kwa Kiingereza siku zingine kwa Kikuyu. Kwa asiyejua: huu ndo ule wa Kamirithu, Limuru, ambako 1977 wanakijiji wenyewe, wakulima na watu wa viwandani, walijijengea jukwaa la wazi wakaigiza kwa lugha yao, serikali ikafuta kibali Novemba, Desemba ikiisha Ngugi wa Thiong'o akakamatwa akawekwa ndani karibu mwaka mzima bila kesi, na 1982 jukwaa lenyewe likaangushwa. Mtu akiniuliza thiata ya jamii ni nini mimi namwonyesha Kamirithu. Hakukuwa na mdhamini wala zulia jekundu, na bado serikali ikaogopa.

Wifi akasema sisi tunaenda siku ya Kikuyu. Mimi Kikuyu changu ni cha sokoni, bei na salamu, nikamwambia nitakaa mle saa zote hizo kama gogo? Akasema twende. Mwanzoni alikuwa ananinong'oneza tafsiri, huyu ndo Kiguunda, huyu mkewe Wangeci, ile karatasi iliyotundikwa ukutani ni hati ya shamba lao, ekari moja na nusu tu. Nikaelewa haraka manake ile hati ndo mchezo wote, tajiri Kioi na mkewe wanawajia na habari za kufunga ndoa ya kanisani, harusi inataka pesa, pesa iko benki, benki inataka kitu cha kushika, na wewe umekaa kitini unaiangalia ile karatasi ukutani ukijua kabisa inakoelekea. Halafu nyimbo zikianza, wifi akaniacha. Kabisa. Nyimbo za harusi za zamani, za Mau Mau, za kanisani zilizogeuzwa maneno, na yeye huyo anaimba, mama wa kiti cha mbele anaimba, mzee mmoja upande wa pili amesimama. Sikuhitaji tena tafsiri. Ndo maana nasema mtu wa mara ya kwanza aanzie hapa, hata lugha ikikupita wimbo haukupiti, na unatoka mle mwili umechoka vizuri.

Hao hao Nairobi Performing Arts Studio walishaigiza Sarafina, ile ya Mbongeni Ngema kuhusu wanafunzi wa Soweto 1976, na ukitaka kujua Wakenya wanapenda kuimba au hawapendi nenda mchezo wa namna hiyo ukasikie ukumbi. Ila jambo moja linaniuma: michezo ya kuimba mingi inayokuja na mabango makubwa ni ya kutoka nje. Kuna kazi inayofanywa na Nairobi Musical Theatre Initiative, ya kina Eric Wainaina na Sheba Hirst, ya kuwasaidia watunzi wa hapa hapa kuandika michezo ya kuimba mipya kutoka sifuri, na hiyo naiunga mkono kwa mikono miwili manake kuandika mchezo wa aina hii kunachukua miaka, si kama kuandika komedi ambayo wikendi mbili tatu umemaliza. Hapa mnisamehe wanakomedi.

Ubaya wake ni bei. Tiketi inaweza kuwa mara mbili ya komedi na sababu inaeleweka, kuna wachezaji wengi jukwaani, kuna bendi ya kupiga muziki pale pale, kuna mwalimu wa dansi, na mazoezi ni ya miezi. Ubaya wa pili ni sauti. Kuna kikundi kimoja, sikitaji, na ukumbi pia sitautaja, tulilipa vizuri kabisa na dada aliyekuwa anaimba wimbo mkubwa wa mchezo mzima ile maiki ya shavuni ikawa inakatika, inakuja inaenda, inakuja inaenda, sisi tunasikia nusu ya kila mstari. Unajua alifanya nini? Katikati ya wimbo akaing'oa, akaishika mkononi kwanza, halafu akaona haisaidii akaiweka kwenye meza ya pale jukwaani taratibu kama sehemu ya mchezo, akasogea mbele kabisa akaimba bila chochote. Mpiga kinanda akapunguza. Ukumbi ukanyamaza hadi ukawa unasikia ubao wa jukwaa ukilia chini ya viatu vyake. Ule ndo wimbo pekee naukumbuka usiku ule. Lakini wenye kikundi wasijifiche nyuma ya kipaji cha yule dada, pesa ya maiki tulilipa.

Komedi sasa, na hapa wifi asipite.

Kusema kweli komedi ndo inayolisha thiata ya Nairobi, tusidanganyane. Heartstrings wamekuwa kwenye hii kazi muda mrefu, miaka na mikaka walikuwa wanajaza ukumbi wa Alliance Française mwezi baada ya mwezi, chini ya Sammy Mwangi, na waigizaji wengi mnaowaona kwenye televisheni walipitia mikononi mwao. Wanachojua wale ni mwendo. Kicheko hakijaisha kingine kimeshaingia, na anayechelewa kuingia jukwaani nusu sekunde kaharibu kila kitu, hiyo ni kazi ngumu kuliko kulia machozi, muulizeni yeyote aliyewahi kujaribu. Mtu ametoka kazini amechoka, bosi kamkaripia, anataka acheke na aende alale. Anapata.

Shida yangu ni sofa. Nenda komedi za huu mji kwa vikundi mbalimbali utaona: sofa katikati, mlango wa nje upande mmoja, mlango wa chumba cha kulala upande mwingine, na mlango wa jikoni huko nyuma. Mume anatoka kwa mlango wa nje, mpango wa kando anaingia kwa mlango wa nje, mume amesahau simu anarudi, mpango wa kando anajitupa nyuma ya sofa. Nilishafika mahali nikiona tu sofa imewekwa mbali na ukuta najua hapo nyuma kuna mtu atalala. Na kichwa cha mchezo lazima kiwe na utani wa maneno ya Kiingereza. Unacheka, si kwamba huchekeshwi, mimi mwenyewe nimewahi kutokwa na machozi, lakini Jumatatu mtu akikuuliza mchezo ulikuwa unahusu nini unabaki kusema "aa, kulikuwa na bwana mmoja na mabibi zake".

Na kubwa zaidi. Sikilizeni nani anaongea Kiswahili kwenye hizo komedi. Mume wa suti anaongea Kiingereza. Mke anaongea Kiingereza, akikasirika anateremka kidogo kwenye Sheng. Watoto Kiingereza cha televisheni. Halafu soja wa geti anaingia, au hausigeli anatoka jikoni na mwiko, na hapo ndo Kiswahili kinafika, kimevunjwa makusudi, kimepakwa lafudhi ya kijijini, na ukumbi unaangua kicheko kabla hata hajamaliza sentensi. Sisemi kundi moja, ni mtindo wa mji mzima, na najua wataniambia ni maisha halisi ya Nairobi, haya ni sawa, lakini mimi nimelelewa kwa watu wanaobishana bei ya samaki kwa Kiswahili ambacho ungetamani kukiandika, nikikaa pale nasikia lugha yangu imepewa kazi ya kushika ufagio kila Ijumaa, naona uvivu tu. Wifi ananiambia wewe unachukulia mambo kwa uzito. Pengine. Lakini soja wa mtaani kwetu ni mtu wa Kwale na Kiswahili chake kinamshinda yule bwana wa suti vibaya sana.

Kuchelewa kuanza nako. Mwandiko kwenye bango unasema saa kumi na mbili unusu, kikundi kimoja tulichoendea (jina nalimeza) kilianza saa moja na robo, na kabla ya hapo MC ametupigisha makofi kwa kila mdhamini na kila mwenye siku ya kuzaliwa. Watu wanaotegemea matatu za Rongai hawana huo muda.

Ndo nafika kwa ile ya asubuhi, ambayo wengi hamjui ipo au mnadhani ni ya watoto. Tamthilia za setibuku. Kila kukicha kuna vikundi vinazunguka nchi nzima na magari yao na mabegi ya nguo, leo ukumbi wa shule Machakos, kesho Little Theatre Club kule kwetu Mombasa, keshokutwa National na mabasi ya manjano yamepanga foleni nje. Kwa Kiswahili miaka hii ni Bembea ya Maisha ya Timothy Arege, kabla yake ilikuwa Kigogo ya Pauline Kea, na kabla ya hiyo Mstahiki Meya, ya Arege huyo huyo. Tiketi yake huwa ni ndogo kuliko ya jioni kwa mbali sana manake inalipwa na wazazi wa shule. Mtu mzima unaweza kuingia, unalipa mlangoni, unajifanya mwalimu kama unaona aibu.

Nilienda ya kwanza, hiyo Bembea ya Maisha, kwa sababu ya mpwa wangu, mtoto wa wifi, Kiswahili kilikuwa kinamtesa. Nikakaa karibu na binti wa shule nyingine, sweta ya kijani, kitabu chake kiko wazi mapajani na kimechorwa mistari ya rangi hadi pembeni. Huyu binti alikuwa anasoma na kidole kila mstari unavyosemwa jukwaani, midomo inatangulia kidogo mbele ya mwigizaji, na kila jamaa aliyekuwa anaigiza Bunju akiruka maneno yeye anamgusa mwenzake, "ameruka!" Mwenzake anaangalia kitabuni, "eeh ameruka, na ile ya chini pia." Ukumbi mzima ni hivyo! Hakuna mwigizaji wa jioni anayechungwa namna ile. Kwenye komedi mtu akisahau maneno anabuni utani, watu wanacheka, maisha yanaendelea, lakini mbele ya Fomu Tatu mia kadhaa wenye vitabu mkononi na mtihani mbele, ukikosea jina la mtu unazomewa papo hapo. Matokeo yake unapata waigizaji vijana, wengi bado wanatafuta jina, wanatamka Kiswahili kizima kizima, sentensi ndefu zenye methali ndani, bila kubabaika.

Na mchezo wenyewe ni wa watu wazima jamani. Sara mgonjwa, mumewe Yona alikuwa mwalimu pombe ikampitia, binti yao Neema yuko mjini anabeba kila mtu mabegani na bwana ake Bunju ana mkono mgumu wa kutoa pesa. Kuna pale Yona anaingia jikoni kumpikia mkewe, jambo ambalo kwao mwanamume hafanyi. Yule kijana aliyekuwa Yona aliipata hii vizuri ajabu. Aliinua kifuniko cha sufuria kwa vidole viwili, akakiachia manake kimemchoma, akatafuta kitambaa, hakipo, akatumia pindo la shati lake. Wavulana wa nyuma wakaanza kumcheka na kupiga miluzi, ati amekaliwa na mke. Yeye hakuharakisha hata kidogo. Akaonja mchuzi, akaongeza chumvi, akaonja tena, na vile alivyokuwa hana wasiwasi na kicheko chao ile miluzi ikapungua yenyewe ikaisha, na akipeleka sahani kwa Sara hapakuwa na anayecheka. Mwanamke mmoja mwalimu mbele yangu akatoa leso. Mimi nikafikiria wanaume fulani ninaowajua, majina nayahifadhi.

Sasa niambieni, hicho kwa nini kinaonyeshwa saa nne asubuhi kwa watoto peke yao? Kwa nini Jumamosi usiku watu wazima wenye ndoa zao na wazazi wao wagonjwa kijijini wasiuziwe tiketi ya hiyo?

Halafu kichekesho cha setibuku kiko mwishoni. Mchezo umeisha, machozi hayajakauka, pazia halijatulia, Sara anarudi jukwaani na leso yake ya ugonjwa kichwani, anashika maiki: "Haya, Karatasi ya Tatu. Eleza muktadha wa dondoo hili, alama nne. Nani msemaji?" Na mikono inapaa ukumbi mzima! Mgonjwa wa moyo anasahihisha majibu. "Umesahau kutaja mahali, hiyo alama imeenda." Nilicheka kuliko komedi yoyote ya mwaka huo, wallahi, na mpwa wangu akatoka akiwa na kurasa mbili za maandishi.

Si vyote vizuri, nisiwadanganye. Kuna vikundi vya kulipua. Nimeona kimoja watu watatu wanaigiza kila mtu, huyu huyu ni baba, ni daktari, ni jirani, anabadilisha kofia tu, na mchezo unakimbizwa kwa sababu gari linatakiwa shule nyingine mchana. Na wengine wanaona watoto wamechoka wanaweka ngoma ya mtaani katikati, dansi dakika kumi, halafu wanarudi kwenye msiba kama hakuna kilichotokea. Muulizeni mwalimu yeyote wa Kiswahili, atawaambia kundi gani ni la maana, wanajuana. Mimi sitaji.

Kuna aina moja zaidi haiingii kwenye hivi vikapu, nayo ni kina Too Early for Birds. Hawa tangu 2017 wanasimulia historia ya Kenya jukwaani, wanachanganya hadithi, mashairi, muziki na utani. Ile ya 2018 iliyoitwa Brazen ilikuwa ya wanawake tu wa historia yetu, ya 2019 ikawa ya Tom Mboya, miaka hamsini tangu auawe. Lugha inaruka kutoka Kiingereza kwenda Kiswahili kwenda Sheng na hakuna anayevunjiwa heshima, watu wa kila aina wanaongea kila lugha, basi inawezekana kumbe. Hawachezi kila mwezi, ukisikia tangazo nunua siku hiyo hiyo.

Jambo la mwisho la kujua ni kwamba hakuna kalenda moja. Wazee wa thiata watawapa hadithi za Phoenix Players pale Professional Centre, Parliament Road, walivyokuwa na msimu kamili wa mwaka na wanachama wa kulipa ada, kaukumbi kadogo unakaribia kugusa mwigizaji. Ilishafungwa. Siku hizi kila kundi linakodi ukumbi lenyewe na kutangaza lenyewe mitandaoni, kwa hivyo ni wewe ufuatilie kurasa zao, na tiketi za mapema kwa M-Pesa huwa nafuu kuliko za mlangoni. Mchana wa wikendi huwa kuna onyesho la saa tisa, hilo ndo zuri kwa mwenye kukaa mbali, unatoka bado kuna matatu za kutosha. La jioni likiisha tembeeni kwa kundi hadi stejini, msijifanye mashujaa kwenye zile njia za nyuma, au mchange teksi. Kuleni kabla ya kuja. Watoto wadogo msilete komedi za usiku, mambo ya nyuma ya sofa yatawafanya muulizwe maswali nyumbani.

Na mkienda ile ya asubuhi, kaeni katikati karibu na wasichana wenye vitabu. Safu za nyuma ni za wavulana, huko kuna njugu, miluzi, na mwalimu wa zamu anayezunguka na atakuuliza wewe ni wa shule gani.